Kwa Nini Kila Mlango wa Ebersfurt Una Jiwe Jekundu

Zilikuwapo siku ambapo ngome ya Ebersfurt ilikuwa na paa. Leo ukiwaambia wageni hivyo wanakutazama kwa mashaka, maana wanachokiona juu ya kilima ni kuta zinazofika kiunoni, dirisha moja lisilo na chumba nyuma yake, na kunguru. Wanapanda wakihema, wanapiga picha, wanashuka kunywa kahawa kando ya mto Selde, halafu wanaanza kuulizana. Mbona nyumba zote za mji huu zimepakwa chokaa nyeupe, lakini kila moja ina jiwe moja jekundu lililoachwa tupu kando ya mlango? Na mbona mawe yenyewe yamechanjwa mistari? Bibi mwenye mgahawa, ambaye hapendi kuharakishwa, huwaacha wabishane mpaka kahawa ipoe. Kisha huvuta kiti, akaketi, akawaeleza.

Siku hizo ngome ilikuwa nzima. Ilijengwa kwa mawe mekundu yaliyochimbwa upande wa pili wa kilima, na mnara wake ulionekana tangu kwenye kona ya mto, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Chini yake mji ulikuwa wa nyumba za mbao na udongo, zimebanana kama watu wanaoota moto. Na watu wa mji walikuwa na desturi ambayo haikuwapo kwingine katika bonde lile. Mtu akirudi kutoka safarini, awe amekaa mwezi au miaka kumi, hakwenda kwake moja kwa moja. Alipanda kwanza hadi lango la ngome, akasimama pale, akapewa kipande cha mkate kilichonyunyizwa chumvi, akaulizwa habari za njiani, kisha kengele ikapigwa ndipo akashuka kwa watu wake. Inasemekana jambo hilo lilianza kwa hofu ya maradhi, bwana wa ngome akitaka kujua nani anaingiza nini. Hofu ikaisha, mkate ukabaki. Watu waliupenda. Mume aliyepotea siku nyingi alipata nafasi ya kupangusa vumbi na kuyapanga maneno yake, na mke aliyesikia kengele alipata nafasi ya kufagia.

Mlinzi wa lango alikuwa mwanamke aitwaye Ottilie, mjane wa mlinzi aliyemtangulia. Alikuwa mfupi, mwepesi wa maneno, na mkate wake ulikuwa mgumu. Wasafiri walisema unajua umefika nyumbani pale meno yanapokuuma. Alikuwa na mtoto mmoja, Wendel, na kila mwaka, siku cheri za kwanza zilipoiva, alimsimamisha Wendel kwenye mwimo wa lango, ile nguzo ya mawe ya ubavuni, akamwekea kisu kichwani kwa ubapa, akakata mstari katika jiwe. Mstari wa kwanza aliukata mtoto akiwa na miaka miwili, naye alilia mpaka walinzi wa mnarani wakachungulia. Baadaye alizoea, tena akajifunza ujanja wa kunyanyuka kwa vidole vya miguu.

"Visigino chini," Ottilie alikuwa akimwambia. "Lango halidanganywi."

Mistari ikapanda mwaka hadi mwaka, kutoka jiwe moja la mwimo hadi jingine, mpaka mama akawa anahitaji kigoda ili afike. Wendel alipotimiza miaka kumi na saba alikwenda kufanya kazi ya vijana wote wa bonde lile. Alijiunga na waendesha vyelezo, wale watu wanaofunga magogo ya msituni pamoja, wakasimama juu yake na miti mirefu mikononi, wakayashusha kwa maji hadi nchi za chini ambako meli huundwa. Kushuka ni kwa mto. Kurudi ni kwa miguu, kwa kuwa chelezo huuzwa chote, hadi kamba.

Asubuhi ya kuondoka, ingawa cheri zilikuwa bado mbichi, Ottilie alimsimamisha langoni akakata mstari wa mwisho. Wendel hakufanya ujanja siku hiyo.

"Nikirudi, nikifika kwenye kona nikauona mnara, nitajua nimefika," alisema.

"Kuuona mnara si kufika," mama akamjibu. "Pitia langoni kwanza. Usije ukanipita ukaenda kwa wasichana."

Akacheka, akateremka. Ottilie alimtazama mpaka chelezo kikapinda kwenye kona, kisha akaingia ndani akakanda unga.

Mwaka wa nne baada ya hapo, bwana wa ngome alikufa bila mrithi. Watumishi wakatawanyika, walinzi wakaenda kutafuta bwana mwingine, na ngome ikabaki na Ottilie na kengele yake. Hakuna aliyemwambia aendelee, na hakuna aliyemwambia aache. Aliendelea. Alifagia ua ambao hakuna farasi aliyeuchafua, na kila msafiri aliyerudi alipewa mkate wake kama zamani. Moyoni alikuwa na sababu moja tu, nayo haikuwa siri. Wendel akirudi, atautafuta mnara kwa macho, na akifika langoni lazima mtu awepo.

Ndipo yakaja mafuriko. Ilikuwa mwisho wa baridi, barafu ya mtoni ikavunjika usiku mmoja, mabamba yake yakabebwa na maji yakagonga daraja, daraja likaondoka, na nyumba zote za chini zikaondoka nalo. Mierebi iliyokuwa imepanga mstari ukingoni iling'olewa kwa mizizi. Mto wenyewe, maji yalipotulia, ulionekana umehama kidogo, kama mtu aliyegeukia upande wa pili kitandani. Watu walilala kanisani juu ya nyasi kavu, wakachoma viti vya kanisa ili wapate moto.

Baada ya wiki mbili wazee wa mji walipanda hadi langoni, na mbele yao alikuwa Burkhard, mwashi mkuu, mtu mpana mwenye mikono myeupe kwa chokaa. Hawakuwa wametoka safarini, lakini Ottilie aliwapa mkate hata hivyo, maana alijua walichokuja kukitaka na alihitaji muda.

"Bi Ottilie," Burkhard alisema, "mbao zinachukuliwa na maji. Tunataka kujenga kwa mawe safari hii. Na mawe yaliyochongwa yako hapa, mwenyewe hayupo."

"Mimi nipo."

"Wewe upo. Ndiyo maana tumekuja kuomba, hatukuja na nyundo."

"Na mwanangu? Atajuaje kwamba hapa ndipo?"

Burkhard ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Binti yangu amejifungua jana kanisani, juu ya nyasi. Mtoto anakohoa."

Ottilie alikuwa mama, na alijua kifua cha mtoto mchanga kinavyosikika kinapokohoa. Akasema wachukue, ila mnara uachwe kabisa, na lango liguswe baada ya vingine vyote. Wakakubali, na siku ile walikubali kwa moyo safi.

Paa lilishuka kwanza, halafu kumbi, halafu kuta za nje. Mwaka wa kwanza mnara haukuguswa. Mwaka wa pili walijenga daraja, na nguzo za daraja zilihitaji mawe makubwa, na mawe makubwa yalikuwa mnarani. Hawakumwuliza tena. Walipanda asubuhi moja na kamba, wakaanza juu, na Ottilie akaketi kwenye kigoda chake akatazama mnara ukipungua siku baada ya siku. Lango lilifuata. Kabla ya baridi alihamia kwenye kijumba cha mwisho kabisa cha njia ya juu, pale kilima kinapoanzia, akatundika kengele kwenye msumari.

Kuna jambo jingine watu wa Ebersfurt walilifanya, na hawapendi sana kulikumbuka. Waliona haya. Kila mtu alijua ukuta wake umetoka wapi, na kila mtu aliogopa kwamba siku moja atatokea ndugu wa mbali wa bwana yule aliyekufa akidai chake. Kwa hiyo wakayapaka mawe yote mekundu ya kuta zao chokaa nyeupe, mara mbili, mara tatu. Mji ukawa mweupe kuanzia mtoni hadi kilimani, mzuri, msafi, na usiofanana hata kidogo na ule wa zamani.

Mwaka wa tisa tangu Wendel aondoke, akapita mchuuzi wa sindano na nyuzi, mwanamke aliyezunguka mabonde yote akiwa na sanduku mgongoni. Alipumzika kwa Ottilie, akapewa mkate, akawa anasimulia mambo ya njiani.

"Jana kwenye kona ya mto nilimkuta mwanamume amekaa juu ya jiwe," alisema. "Kaniuliza bonde hili ni la mto gani. Nikamwambia, Selde. Akasema hapana, bonde la Selde lina mnara mwekundu na mierebi, na mama yake alimwagiza apitie langoni, na hapa hakuna lango. Nikamwambia basi sijui. Akakaa kidogo, akaniaga vizuri, akageuka akarudi alikotoka."

Ottilie aliweka kisu mezani. "Alikuwa na kimo gani?"

Mchuuzi akasimama mlangoni, akainua mkono juu ya kichwa chake kuonyesha. Ottilie hakuhitaji kupima. Mkono ulikuwa umesimama hewani palepale alipokata mstari wa mwisho.

Msimlaumu Wendel. Mwendesha vyelezo hufundishwa kutoamini macho yake. Maji hufanana na maji, kilima hufanana na kilima, na mtu anayedhani ameona kwao hugonga mwamba. Hufundishwa alama, na akikosa alama huambiwa aamini kwamba amepotea. Alikuwa ametafuta alama tatu, mnara, mierebi na daraja la mbao, na zote tatu hazikuwapo. Alifanya kosa ambalo mtu wa kazi nyingine yoyote asingelifanya.

Ottilie aliondoka saa ileile, na viatu vya nyumbani. Alitembea siku mbili hadi pale Selde inapoingia katika mto mkubwa, akauliza kila mtu. Wakamwambia mtu wa namna hiyo alipita, akapanda jahazi la ngano, akaenda zake. Alisimama ukingoni akalia kwa sauti, mwanamke aliyekuwa hajalia mbele ya watu tangu siku ya kumzika mumewe, kisha akarudi kwa miguu siku nyingine mbili.

Hakwenda kwake. Alipofika mjini aliokota nyundo iliyokuwa juu ya jukwaa la waashi, akaenda kwenye nyumba ya kwanza kabisa karibu na daraja, akaanza kubomoa chokaa ya ukuta. Mwenye nyumba, Hiltrud, alitoka na unga mikononi akitaka kujua kuna wazimu gani.

"Natafuta lango langu," Ottilie alisema.

Hiltrud alifungua kinywa amtukane, na pale pale kipande kikubwa cha chokaa kikaanguka, jiwe jekundu likatokea, na kwenye jiwe palikuwa na mstari mfupi uliokatwa kwa kisu. Tena ulikuwa umesimama wima badala ya kulala, kwa kuwa waashi waliligeuza jiwe walipolijenga. Hiltrud alikuwa rika moja na Wendel. Alikumbuka kusimama kwenye ua wa ngome akingoja zamu ya kupimwa ambayo hakuipata. Akaingia ndani, akatoka na nyundo ya mumewe.

Watu wakaja, na Burkhard naye akaja. Alikuwa amezeeka ghafla katika miaka ile. Alimshika Ottilie mkono, akaichukua nyundo taratibu.

"Usiubomoe mji mzima," alisema. "Jiwe nililolijenga nalijua. Mwimo ule ulikuwa na mawe matano yenye mistari. Hili moja. Jingine kwa mfinyanzi, jingine kwa mjane wa mvuvi, jingine liko nyuma ya tanuri la mwoka mikate. La tano liko kwangu, chini ya kitanda cha mjukuu wangu."

"Mtoto aliyekuwa anakohoa?"

"Huyo. Sasa anapanda miti."

Ottilie alimtazama, na wanaosimulia husema hapo ndipo hasira ilipomtoka, ingawa huzuni ilibaki.

Majira yale yote ya joto Burkhard hakufanya kazi nyingine. Aliyatoa mawe matano moja moja, akayapeleka kwenye nyumba tano zilizofuatana kutoka darajani hadi mwisho wa njia ya juu, akayajenga kando ya milango, nje, bila chokaa. Kila jiwe aliliweka sawasawa na urefu liliokuwa nao langoni, hili chini usawa wa paja, linalofuata juu yake kidogo, hadi la tano, lenye mstari wa mwisho, alilolijenga mlangoni mwa Ottilie. Wenye nyumba nyingine walipoona hivyo wakaanza kukwangua chokaa zao wenyewe. Hakuna aliyetaka kuwa mtu pekee anayeendelea kuficha. Kufikia baridi, kila mlango wa mji ulikuwa na jiwe jekundu moja, wazi, la kila mtu kuliona.

Kisha Ottilie akawapa waendesha vyelezo ujumbe. Ulikuwa mfupi ili usiharibike njiani. "Mwambieni Wendel wa langoni, mnara haupo, fuata kimo chako." Hawakuuelewa, lakini wakauchukua. Wakauacha kwenye bandari, kwenye vilabu, kwenye viwanda vya meli. Mwaka baada ya mwaka, vyelezo vikishuka, ujumbe ulishuka navyo, mpaka ukawa mzaha wa kazini. Mtu aliyepotea njia au aliyelewa aliambiwa na wenzake, fuata kimo chako.

Miaka kumi na tisa ilipita. Burkhard alikufa, mjukuu wake akawa mwashi. Ottilie alioka mkate kila wiki, mgumu kama zamani, akautunza mfukoni mwa aproni, na hakumwuliza mtu yeyote habari.

Siku moja mchana, cheri zikiwa zimeiva, mtu mwenye mvi alivuka daraja kwa miguu. Nguzo za daraja zilikuwa nyekundu, naye aliinama kuzitazama kwa muda. Akafika mlangoni kwa Hiltrud. Akaliona jiwe, na mstari uliomfika pajani, akainama akauwekea kidole. Akasimama, akaenda mlango wa pili, ambako mistari ilimfika kiunoni. Mlango wa tatu ilimfika mbavuni. Hiltrud alikuwa ametoka, akamfuata kwa mbali bila kumsemesha, na mfinyanzi naye akatoka, na mwoka mikate, na kwa jinsi wanavyosimulia, njia nzima ilijaa watu. Mlango wa nne mistari ilimfika begani, na hapo mtu yule alianza kulia, akiendelea kutembea.

Ottilie alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango wa tano, akimenya maharage. Macho yake yalikuwa hafifu. Aliona kivuli kimesimama mbele yake.

"Nimepitia langoni, mama," Wendel alisema. "Limekuwa refu."

Ottilie aliweka bakuli chini. Alitafuta kisu mfukoni, akasimama juu ya kigoda, na watu wawili wakamshika asianguke.

"Simama kwenye jiwe," alisema. "Visigino chini."

Akaweka kisu kwa ubapa juu ya kichwa chenye mvi, akakata, akapapasa mstari mpya kwa kidole gumba, kisha akapapasa ule wa zamani. Alirudia mara mbili.

"Umepungua kidole kizima."

"Nimebeba magogo, mama."

"Nimeona," alisema. Akatoa mkate wa chumvi mfukoni, akampa, akaitingisha kengele mara moja. "Haya, ingia ndani."

Na tangu siku hiyo, hakuna nyumba inayojengwa Ebersfurt bila jiwe jekundu mlangoni, na hakuna mtoto wa mji huo asiyepimwa hapo cheri zinapoiva. Mtu akirudi kutoka safarini, hata leo, hata akiwa ameshuka kwenye garimoshi na sanduku la magurudumu, husimama kwanza kwenye jiwe la kwao kabla ya kubisha hodi. Ngome imebaki gofu. Wamekuja watu wenye michoro mizuri wakitaka kuirudishia paa na mnara, na wenyeji huwasikiliza kwa adabu, wakawauliza mawe watayatoa wapi, maana yaliyopo yana kazi. Mgeni anayelala mjini hata usiku mmoja naye hupimwa, akavuliwa viatu, akaambiwa visigino chini. Wengine hucheka, lakini wapo wanaotazama upande wa mto.

Na ukipanda hadi nyumba ya mwisho ya njia ya juu, utaona jiwe lake lina mistari miwili karibu karibu, imepishana kidole kimoja. Watoto wa pale huwauliza wageni ni upi uliokatwa mwisho. Wageni wote huonyesha wa juu.